KUTU YENYE KAZI: Jinsi ya Kulowesha Maranda ili Yasafishe Biogesi



Katika mikutano mingi tunaulizwa swali hili moja: "Mbona jiko letu la biogesi limekufa mapema, na fundi alituambia litadumu?" Koki imekwama, haifunguki wala haifungiki. Tundu la kutolea gesi limeliwa. Mama akiwasha jiko anakohoa, macho yanamwasha, na jikoni kunanuka mayai viza. Kikundi kikinunua injini ya kukatia nyasi ya ng'ombe ili iendeshwe kwa gesi hiyo, mafuta ya injini yanaharibika upesi na vyuma vya ndani vinaliwa.

Lawama anapewa fundi, au aliyeuza jiko. Lakini mara nyingi mwizi yuko ndani ya gesi yenyewe. Leo tutamtaja kwa jina, halafu tutaeleza dawa yake. Dawa yenyewe ni kutu. Ndiyo, kutu ile ile inayokula mabati yetu! Ila kuna namna ya kuitayarisha, na namna hiyo ndiyo somo lenyewe. Ukikosea utakuwa na ndoo ya matope mekundu yasiyosaidia mtu.

MWIZI NI NANI?

Biogesi inayotoka kwenye samadi si kitu kimoja. Zaidi ya nusu ni methani, na hiyo ndiyo inayowaka. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksaidi, ambayo haiwaki. Halafu kuna kiasi kidogo sana cha gesi inayoitwa haidrojeni salfaidi. Hii ndiyo yenye harufu ya mayai viza. Inatokana na salfa iliyo katika chakula cha ng'ombe na katika samadi.

Ni kidogo, lakini ni kali. Ikikutana na unyevu inakula chuma na shaba. Ikiungua jikoni inageuka kuwa salfa dioksaidi, na huo ndio moshi unaowakohoza akina mama. Tena ni sumu. Pua inaijua hata ikiwa kidogo kabisa, lakini ikifika kama sehemu 100 katika milioni moja za hewa, pua inachoka na kuacha kunusa. Mtu anafikiri hatari imekwisha, kumbe ndiyo imezidi. Ikifika sehemu 500 na kuendelea inaweza kumwangusha mtu akafa. Kwa hiyo tunasema tangu mwanzo: MTU ASIINGIE KAMWE ndani ya tangi la biogesi wala shimo lake la samadi, hata kama limefunguliwa siku nyingi, na hata kama ni kwenda kumwokoa mwenzake. Wengi waliokufa kwenye mashimo ya namna hii ni wale walioingia kuokoa.

KWA NINI KUTU?

Haidrojeni salfaidi inapenda chuma. Ndiyo maana inakula jiko. Basi sisi tunaipatia chuma cha kula kabla haijafika kwenye jiko. Tunaiwekea mtego njiani.

Chuma kilichoshika kutu, yaani oksaidi ya chuma, hushika salfa vizuri kuliko chuma kinachong'aa. Gesi ikipita kwenye kutu yenye unyevu, salfa inabaki, kutu ya hudhurungi inageuka nyeusi, na maji kidogo yanatokea. Gesi inayotoka upande wa pili ni safi. Baadaye ukiitoa ile kutu nyeusi na kuipa hewa, inarudi kuwa ya hudhurungi na salfa inabaki humo kama unga. Unaweza kuitumia tena.

Jambo hili si geni. Huko Uingereza, tangu katikati ya karne ya 19, viwanda vilivyotengeneza gesi ya taa kutokana na makaa ya mawe viliisafisha kwa masanduku ya oksaidi ya chuma iliyochanganywa na vumbi la mbao. Wakati huo hapakuwa na umeme wa kuwasha taa za mitaani.

MAKOSA YETU MATATU

Wacha tuwaambie tulivyoanza sisi, ili msirudie.

Mara ya kwanza tulikwaruza kutu kwenye mabati mabovu, tukasaga, tukajaza unga huo ndani ya bomba. Gesi ilikataa kupita. Unga ulishikana kama matope, na jikoni moto ukazimika. Tulikuwa na chuma kingi lakini gesi haikukifikia. Ni sawa na kumpa mtu gunia la mahindi lililoshonwa na kumwambia ale.

Mara ya pili tulichukua maranda ya fundi seremala, tukayamwagia maji yenye chumvi ya chuma mpaka yakaelea, halafu tukayaanika juani juu ya bati la moto. Yalikauka haraka, tukafurahi. Lakini tulipoyashika, kutu yote ilibaki mikononi. Ilikuwa imekaa nje tu kama ukoko. Ilipukutika, ikaenda chini ya ndoo, na baada ya siku chache gesi ikawa inanuka kama zamani.

Mara ya tatu tulifanya vizuri, na kosa la tatu likatokea baadaye. Tutalieleza mbele, kwa sababu lilikaribia kutuchomea stoo.

SIRI IKO KWENYE KIBEBEO

Ukitaka kuelewa kosa la kwanza na la pili, fikiria kuta za nyumba. Ukiwa na debe moja la rangi, unaweza kuliacha likauke vile lilivyo, na utakuwa na tofali moja la rangi. Au unaweza kuipaka ukutani, ikawa nyembamba na ikafunika nyumba nzima. Rangi ni ile ile, lakini ile ya ukutani yote inaonekana. Na kutu ni hivyo hivyo. Gesi inashika kutu ya juu tu. Ile iliyofichwa ndani ya bonge haifanyi kazi.

Kwa hiyo tunatafuta kitu cha kubeba kutu, chenye vitundu vingi vidogo ndani yake, halafu tunaipaka kutu kwenye kuta za vitundu hivyo. Kitu hicho tunakiita kibebeo. Maranda ya mbao laini ni kibebeo kizuri, kwa sababu mti una mirija midogo iliyokuwa ikipitisha maji. Magunzi ya mahindi yaliyopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya maharagwe pia yanafaa. Mbao zenye mafuta mengi hazifai, maana hazinywi maji.

Viwanda vikubwa hufanya kazi hii hii. Chukua mfano wa dizeli. Mafuta ghafi yana salfa, na salfa lazima itolewe. Kwa kazi hiyo kiwanda hutumia punje ndogo nyeupe za alumina, ambayo ni oksaidi ya madini yale yale yanayotoa sufuria zetu. Gramu moja tu ya alumina ya namna hiyo, yaani chini ya nusu ya kijiko cha chai, ina kuta za ndani zinazoweza kufikia mita za mraba 200. Hiyo ni sakafu ya ukumbi wa mita 10 kwa mita 20!

Punje hizo huloweshwa kwa maji yenye chumvi za madini ya molibdeni na kobalti. Hukaushwa kwenye joto la nyuzi 100 na kidogo, halafu huchomwa kwenye tanuri la nyuzi 400 hadi 500. Moto huo unaondoa sehemu ya chumvi isiyotakiwa, na madini yanabaki kama oksaidi iliyotandazwa kwenye kuta za vitundu. Ndipo punje zinawekwa kazini, na dizeli inapitishwa juu yake pamoja na gesi ya haidrojeni. Salfa inatoka kwenye dizeli kama haidrojeni salfaidi, yule mwizi wetu wa mayai viza, na inakamatwa kando.

Kitu kinachosaidia kazi hivyo bila chenyewe kumalizika huitwa kichocheo. Kenya na majirani wetu wa Afrika Mashariki walipoanza mwaka 2015 kutaka dizeli isiyo na salfa kupita sehemu 50 katika milioni, ni vichocheo vya namna hii huko ng'ambo vilivyoiwezesha. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kilikuwa kimeacha kazi hiyo mwaka 2013.

Sasa mtu atasema, "Sisi hatuna tanuri wala molibdeni." Ni kweli. Na pia ile kazi ya kuchoma chumvi hutoa moshi wa sumu, msiijaribu nyumbani. Lakini hatua zenyewe ni zile zile: kupima, kulowesha, kukausha, kugeuza kuwa oksaidi. Sisi badala ya moto tutatumia magadi na hewa.

HATUA KWA HATUA

Mahitaji: ndoo ya lita 20 ya maranda makavu, feras salfeti kilo 1, ambayo ni chumvi ya chuma yenye rangi ya kijani inayotumika kwa mimea isiyo na chuma cha kutosha (uliza duka la dawa za kilimo), magadi yaliyosagwa robo tatu ya kilo, karai mbili za plastiki, glavu za mpira. Msitumie sufuria za kupikia. Na nguo zikipata maji haya, madoa yake hayatoki.

1. PIMENI KIU YA MARANDA. Chukueni mkebe mmoja wa maranda makavu. Mwagieni maji kidogo kidogo kwa kikombe kidogo mkikoroga kwa mkono. Mwanzoni maji yanapotea kabisa. Endeleeni. Kuna wakati maranda yataanza kung'aa na kushikana, lakini chini ya karai hakuna maji. Simameni hapo. Andikeni ni vikombe vingapi. Hiyo ndiyo kiu ya mkebe mmoja. Zidisheni kwa idadi ya mikebe iliyomo katika ndoo yenu. Tuseme hesabu imetoka lita 4.

Hata mtaalamu wa kiwandani anafanya hivi hivi. Anadondosha maji kwenye alumina mpaka ianze kung'aa, anaandika kipimo. Sababu ni hii: maji yakizidi kiu, chumvi iliyo katika maji ya ziada haina mahali ndani. Itakaukia nje na kuwa ukoko. Hilo ndilo kosa letu la pili. Maji yakipungua, maranda mengine yatabaki matupu.

2. YEYUSHENI CHUMVI. Tieni kilo 1 ya feras salfeti katika maji ya kipimo kile mlichopata, si zaidi. Maji ya uvuguvugu yanaharakisha. Yatakuwa ya kijani. Fanyeni siku hiyo hiyo, kwa maana yakikaa yanageuka rangi na kuacha machicha.

3. LOWESHENI. Mwagieni maranda maji hayo kidogo kidogo, mmoja akimwaga na mwingine akigeuza. Funikeni kwa karatasi ya plastiki na muache usiku mzima. Hapa wengi hawana subira. Wanaona maranda yamelowa nje wanadhani kazi imekwisha. Ndani ya vitundu kuna hewa, na hewa haitoki kwa dakika moja.

4. KAUSHENI NUSU, KIVULINI. Tandazeni maranda kivulini penye upepo. Msiweke juani kwenye bati, wala karibu na moto. Joto kali linachemsha maji yaliyo ndani, na maji yakitoka kwa nguvu yanabeba chumvi mpaka mlangoni mwa vitundu na kuiacha hapo. Si mmeona kofia ya mtu aliyelima mchana kutwa? Jasho limetoka ndani, lakini chumvi imechora mstari mweupe nje. Haraka haraka haina baraka. Tunataka yakauke nusu tu, ili vitundu vipate nafasi ya kunywa mara ya pili. Mtungi uliojaa hauongezwi maji.

5. FUNGENI CHUMA KWA MAGADI. Yeyusheni magadi robo tatu ya kilo katika lita 4 za maji. Mwagieni maranda mkigeuza. Patatokea povu kidogo, na maranda yatapata rangi ya kijani chafu. Chuma sasa kimekamatwa, hakiwezi tena kutembea na maji. Magadi yanafanya kazi nyingine pia: kutu inashika salfa vizuri mahali pasipo na uchachu.

6. PENI HEWA. Tandazeni na mgeuze mara tatu au nne kwa siku, mkinyunyiza maji yakikauka. Mtaona kwa macho yenu kijani kikiondoka na hudhurungi ikiingia, mpaka yawe rangi ya udongo mwekundu wa shambani. Hii huchukua siku chache. Hewa imefanya kazi ya tanuri.

7. SUUZENI MARA MOJA kwa maji kidogo kuondoa chumvi iliyobaki, na mmwage maji hayo mbali na kisima. Maranda yaliyo tayari yawe na unyevu kama nguo iliyokamuliwa vizuri. Yakikauka kabisa hayashiki salfa vizuri.

JARIBIO: Chukua maranda machache uyasugue kati ya vidole, kisha uyavunje. Kama ndani yana rangi sawa na nje, mmeshinda. Kama ndani ni meupe na vidole vimejaa unga, chuma kimebaki nje. Rudieni na pimeni kiu upya.

Kikundi kisichopata feras salfeti kinaweza kutumia njia ya zamani. Ombeni kwa mafundi wa jua kali zile nyuzi na chenga za chuma zinazotoka kwenye mashine ya kukereza. Zioshwe kwa sabuni kuondoa mafuta, zichanganywe na maranda, zinyunyizwe maji yenye chumvi kidogo na kugeuzwa kila siku mpaka zote ziwe kutu. Inachukua muda mrefu zaidi na kutu haiingii ndani ya vitundu vizuri, lakini haina gharama.

YATADUMU SIKU NGAPI?

Tufanye hesabu. Kilo 1 ya feras salfeti ina chuma kama gramu 200. Chuma hicho kikiwa kutu yote, kinaweza kushika karibu gramu 180 za haidrojeni salfaidi. Tuseme tangi lenu linatoa mita za ujazo 2 za gesi kwa siku, na katika gesi hiyo mwizi ni sehemu 2000 kwa milioni. Hiyo ni lita 4 za mwizi, ambazo uzito wake ni karibu gramu 6. Gawanya 180 kwa 6, unapata siku 30.

Lakini hiyo ni hesabu ya karatasi. Kazini, panga nusu yake, yaani siku 15, kisha muyapumzishe. Mkitaka yadumu zaidi, rudieni hatua ya 2 mpaka ya 6 juu ya maranda yale yale kabla ya kuyatumia. Ni bora kulowesha mara mbili kwa maji mepesi kuliko mara moja kwa maji mazito.

Msitegemee pua kujua kama yamechoka. Chukueni waya mfupi wa shaba, mkwaruze mpaka ung'ae, na muushikilie kwenye gesi inayotoka upande wa pili wa sanduku, nje ya nyumba, bila moto. Shaba ikibaki inang'aa, maranda bado yana nguvu. Ikigeuka nyeusi, mwizi amepita.

SANDUKU LENYEWE

Tumieni ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, au bomba pana la plastiki lililofungwa pande zote mbili. Chini wekeni wavu wa plastiki, na chini ya wavu mahali pa maji kukusanyika na koki ya kuyatoa. Jazeni maranda bila kuyashindilia. Gesi iingie chini, itokee juu. Kabla na baada ya sanduku pawe na koki. Sanduku likae nje ya jiko, kivulini. Kikundi kikiweza kiwe na masanduku mawili: moja likifanya kazi, jingine linapumzika.

Baada ya kufunga, sanduku linakuwa na hewa ndani. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani inalipuka. Kwa hiyo acheni gesi ipite kwanza na kutoka nje uwanjani kwa dakika kadhaa, pasipo na moto wala sigara, ndipo muunganishe jiko.

KOSA LETU LA TATU

Sasa ile habari ya stoo. Maranda yetu yalipogeuka meusi, kijana wetu aliyatoa, akaona yamelowa na yananuka, akayatia kwenye gunia na kuliegemeza ukutani mwa stoo ya majani ya ng'ombe. Asubuhi mama mmoja aliyekwenda kukamua akapiga kelele: "Njooni! Gunia linatoa moshi, na hakuna aliyewasha moto!"

Tulilimwagia maji haraka. Katikati maranda yalikuwa yameungua.

Hakuna aliyeturoga. Kutu nyeusi ikipata hewa inarudi kuwa ya hudhurungi, na katika kurudi inatoa joto. Ikiwa imetandazwa, joto linakwenda na upepo. Ikiwa imerundikwa guniani, joto linakusanyika, maji yanakauka, na maranda ni kuni. Kumbuka kwamba tulizitandaza kutu hizo nyembamba makusudi ili zishike salfa upesi. Wembamba ule ule unazifanya zishike hewa upesi. Basi shikeni sheria hizi:

- Funga koki zote mbili kabla ya kufungua sanduku. Pasiwe na moto karibu. Fungua nje na simama upande upepo unakotoka.
- Mwagia maranda maji kabla hayajakauka, yakiwa bado ndani ya sanduku.
- Yatandaze juu ya udongo mtupu, unene wa vidole viwili, mbali na nyumba, nyasi na watoto.
- Geuza na unyunyize maji siku nzima. Usiondoke ukayaacha peke yake siku ya kwanza.
- Usiyatie kwenye gunia, debe wala shimo la taka mpaka yote yarudi rangi ya hudhurungi.
- Usiyamwagie kamwe maji ya betri wala asidi yoyote. Mwizi wote mliyemfunga atatoka kwa mara moja.

Yakisharudi hudhurungi, yarudisheni kazini. Kila mara salfa inabaki kwenye vitundu na kuvijaza polepole, kwa hiyo nguvu inapungua. Baada ya kuyapumzisha mara chache mtaona siku zimekuwa chache mno. Hapo yapeni hewa mara ya mwisho, myafukie, na kuanza mengine.

Kwa sababu hiyo maranda yetu si kichocheo kamili kama punje za kiwandani. Kichocheo hakijai. Maranda yetu yanajaa na yanahitaji mapumziko. Lakini undugu wao uko katika utayarishaji: madini kidogo, yametandazwa vizuri ndani ya kibebeo chenye vitundu, yanashinda madini mengi yaliyorundikwa. Mwenye kupima kiu kwanza, akalowesha kwa subira na kukausha polepole, ndiye atakayepata kazi nzuri, awe na tanuri au awe na karai.

Jiko jipya lina gharama. Kifua cha mama hakina duka la kununulia kingine. Ndoo moja ya maranda na siku chache za kazi si bei kubwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Jiko letu la biogesi lina dalili gani za kuliwa na salfa? Nani anakohoa jikoni?
2. Kwa nini unga wa kutu peke yake haukufanya kazi, na chuma kilikuwa kingi?
3. Tukizidisha maji katika kulowesha, chumvi ya ziada itakwenda wapi?
4. Nani kati yetu atakuwa na daftari la sanduku, aandike siku ya kujaza, siku ya kupima kwa shaba, na siku ya kupumzisha?
5. Mahali pa kutandazia maranda meusi ni wapi? Twendeni tupaone pamoja kabla hatujaanza.